Lees Ferry: mto uliojaa wakati wa jua kali

Tukieleza habari za walowezi wa Marekani waliovuka mto Colorado na magari ya maksai hapa Lees Ferry, kivuko cha kaskazini mwa Arizona, swali linalokuja mara nyingi ni hili, kwanini hawakusubiri kiangazi maji yapungue ndo wavuke? Ni swali la maana kabisa, maana kwetu mto ukikaa miezi bila mvua unapungua mpaka watoto wanapita kwa miguu. Colorado sivyo, na sisi wa elimu ya makumbusho huku Arizona tunalirudia hili kila mara: mto huu unapita jangwani ila maji yake si ya jangwani, yanatoka kwenye theluji ya milima ya Rocky mbali huko juu, theluji inayeyuka joto likishaingia, kwa hiyo mwezi wa tano na wa sita, jua linachoma, hakuna hata wingu, ndo mto unafurika.

Wenyeji, Waute na Wapaiute, walijua hilo tangu zamani. Mapadre wa Kihispania Domínguez na Escalante walifika hapa Oktoba 1776 wakashindwa kuvuka, wakapanda juu zaidi kutafuta kivuko cha wenyeji, tarehe 7 Novemba maji yakiwa chini wakavuka kwa miguu yao, baada ya kuchonga ngazi kwenye mwamba ili wanyama washuke.

Gari la maksai ngazi haliwezi. Linataka mahali penye njia ya kushuka upande huu na ya kupanda upande wa pili, na kwenye korongo za Glen na Grand Canyon ni mamia ya kilomita za kuta tupu isipokuwa hapa mto Paria unapoingia. Ndo maana kanisa la Wamormoni, dhehebu la hao walowezi kutoka Utah, likamtuma John D. Lee, akafika mwishoni mwa 1871, kivuko kikaanza kazi Januari 1873. Lee mwenyewe alikuwa anatafutwa kwa mauaji ya wasafiri huko Mountain Meadows, Utah, ya 1857 na alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama mwaka 1877. Kwa hiyo muda mwingi hakuwepo, na jina linabaki lake wakati mkewe Emma ndo alikuwa pale na watoto, anahangaika na kivuko mpaka kanisa liliponunua kwake 1879. Mimi naona huyu mama anatajwa kidogo mno.

Sasa usifikirie pantoni kama ya Kigamboni. Ni boti bapa ya mbao, haina injini, kwanza inavutwa na kamba kando ya ukingo kwenda juu ya mto, halafu inaachiwa, watu wanapiga makasia kwa nguvu zote huku mkondo unawateremsha, wanalenga watue ng'ambo pale njia inapoanzia, wakikosea wanapitilizwa. Kebo ya chuma ilikuja baadaye sana.

Mei 1876, maji yako juu, viongozi wa kanisa walikuwa wanavushwa, gari limeshapakiwa, boti inavutwa kuzunguka jabali, mara omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ikaingia chini ya maji na mto ukafagia kila kitu, gari, mizigo, watu. Wenzake walijiokoa, askofu Lorenzo Roundy hakuonekana tena.

Na ukishavuka hujamaliza. Mbele kuna mlima wa mawe waliouita Lee's Backbone, halafu siku kadhaa za jangwa, halafu mto Little Colorado ambao tabia yake ni kinyume kabisa, huu unategemea mvua na unaweza kukauka. Walowezi wa 1873 walikuta hauna maji wakageuza magari wakarudi Utah. Waliokuja 1876 walikuta tope, maji ya kunywa yanaachwa kwenye ndoo yatuame kwanza, na chini ni mchanga unaodidimiza, maksai wakisimama katikati gari linazama, kwa hiyo hakuna kusimama. Mabwawa yao yakabebwa na mafuriko tena na tena, na kati ya vijiji vinne vya mwanzo kimebaki kimoja tu, Joseph City. Tukumbuke pia ile haikuwa nchi tupu, ilikuwa ya Wanavajo na Wahopi, na Wamormoni wa Tuba City, makazi yao mengine huko, waliondoka 1903 baada ya serikali kuwalipa ili ardhi iwe ya Wanavajo.

Kivuko chenyewe nacho kilikufa kwa ajali ya boti, msimu ule ule wa mto kujaa. Juni 7, 1928 boti ilipinduka ikiwa na gari aina ya Ford, wanaume watatu wakafa maji. Daraja lilikuwa linakaribia kuisha pale karibu, kwa hiyo kivuko hakikurudishwa, na mpaka lilipofunguliwa Januari 1929 mwenye gari alilazimika kuzunguka kama kilomita 1,300.

Tangu 1963 bwawa la Glen Canyon linazuia maji hapo juu, ile furiko ya mwezi wa sita haipo tena, ila kuna jambo jipya ambalo familia zetu zinazokuja kutembea Lees Ferry kutoka Phoenix lazima zijue: maji yanatolewa kwenye kina kirefu cha bwawa, kwa hiyo kwa kawaida ni ya baridi kali hata siku ambayo nje ni nyuzi 40, mtu akitumbukia pumzi inakata na misuli inakaza haraka hata kama anajua kuogelea, watoto wavae jaketi la kuokolea kabla hawajafika ukingoni.