Kabla ya Kuwasha Tanuri, Pima Maji

Jiji likizidiwa na taka, hakosekani mtu wa kuleta wazo la tanuri: tuchome, tupate umeme, dampo lifungwe. Mimi ni mhandisi wa taka ngumu, na wenye mradi hujiandaa niwaulize kuhusu moshi. Mimi huanza na maji: taka zenu zimelowa kiasi gani?

Ili moto ujiendeshe bila kuongezewa mafuta, taka zinatakiwa ziwe na nishati ya megajuli kama 6 au 7 kwa kilo. Sasa tazama taka za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Zaidi ya nusu ni maganda, mabaki ya chakula na majani ya mboga, na masika hunyeshewa zikiwa bado barabarani. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke hula megajuli 2.5 hivi. Yaani tanuri linaanza kuwa jiko la kukaushia. Kinachobeba moto ni plastiki, na plastiki ni mafuta ya petroli yaliyopitia dukani kwanza. Ndiyo maana nasita umeme huo unapoitwa wa kijani.

Na hata suala la moshi linaturudisha kwenye maji yaleyale. Gesi za tanuri zinapaswa kukaa kwenye nyuzi 850 za Selsiasi kwa sekunde 2 walau, ili dioksini, yaani sumu kali zinazotokana na uchomaji, zivunjike, kisha zipozwe haraka zisijiunde upya. Taka mbichi huliteremsha joto hilo. Baada ya hapo kuna chokaa, unga wa mkaa maalumu na vichujio vya nguo vya kusafisha moshi. Ulaya inaruhusu nanogramu 0.1 tu (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) ya dioksini kwa mita moja ya ujazo ya moshi. Inawezekana kabisa, ila vichujio si vya kununua mara moja ukasahau.

Majivu je? Kama robo ya uzito hubaki chini ya tanuri. Yale mepesi yanayonaswa kwenye vichujio ni machache, lakini yana metali zenye sumu, risasi na kadimi, hivyo yanahitaji shimo lake lililozibwa vizuri. Dampo halijafungwa.

Sitetei madampo, hata hivyo. Kwenye dampo la Koshe, Addis Ababa, mlima wa taka uliporomoka Machi 2017 ukaua watu zaidi ya 110. Mwaka uliofuata, hapohapo jirani, Ethiopia ilizindua kiwanda cha Reppie kilichosanifiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Na dampo la wazi hutoa gesi ya methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto dunia mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi.

Wengi hunitajia jiji la Hamburg, Ujerumani. Ni kweli, wanachoma, na joto linalobaki hupasha nyumba za watu. Dar nani anahitaji kupashiwa nyumba? Tena, taka za jikoni Hamburg zina pipa lake, hazichanganywi na za kuchomwa. Jiji hilohilo liliposhirikiana na manispaa ya Kinondoni, Dar, kilichojengwa Mabwepande ni kiwanda cha mboji.