Mtutu Uliokatwa Bado Ni Bunduki

Kwenye baraza za machifu hapa Malindi, kuanzia Maweni hadi Watamu, sisi polisi tunaulizwa lile lile kuhusu bunduki ya kienyeji: "Ile si ya kuchongwa tu?" Tunaelewa linatoka wapi. Wako waliokua wakiliona gobore la babu limetundikwa ukutani, na paipu iliyofungwa kitako cha mti haifanani na silaha ya askari.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haijali nani aliitengeneza. Inatazama kama chombo chenye mtutu kinaweza kufyatua kitu cha kuua, au kikirekebishwa kitafyatua. Kikiweza, ni bunduki. Mtutu peke yake nao huhesabiwa bunduki. Aliyegawa vipande, kimoja kwake na kingine kwa shemeji, hajapunguza kosa, ameongeza mshtakiwa.

Kikinaswa, chombo huwa kielelezo, yaani ushahidi wa kesi: hutiwa alama, hufungwa, hujaziwa fomu na kupelekwa kwa mtaalamu wa silaha. Yeye hukikagua, hukijaribu kwa risasi, kisha hulinganisha maganda ya risasi hizo na yale yaliyookotwa penye tukio. Kila aliyekipokea hutia saini, na saini moja ikikosekana wakili wa utetezi ataanzia hapo. Ripoti husema kama ni bunduki kwa maana ya Sheria. Neno "kienyeji" halimsaidii mshtakiwa.

Kumiliki bunduki bila cheti ni kifungo cha miaka 5 hadi 10. Zile zilizopigwa marufuku huanzia miaka 7 hadi 15. AK-47 na bunduki nyingine za kivita ziko chini ya kifungu cha 4A, na adhabu yaweza kufika maisha. Kukata kitako ili iingie kwenye kiroba hakuishushi daraja.

Na hili la bastola ya plastiki, eti si kosa kwa kuwa si bunduki ya kweli, tumelieleza mpaka koo limekauka. Kuitumia kwa nia ya kutenda uhalifu ni kosa chini ya Sheria hiyo hiyo. Tena wakiwa wawili wakamtisha mtu na kumpora, hayo tayari ni mashtaka ya wizi wa mabavu, ambao adhabu yake kisheria ni kifo. Mwenye duka aliyeelekezewa hakuwa na nafasi ya kuigonga asikie kama ni chuma.

Mafundi wa kuchomelea, mkiletewa mtutu "wa kunyooshwa tu", kataeni. Kutengeneza silaha kunataka usajili.

Ukikuta chombo cha namna hii shambani au kwenye mikoko, usikifunge kwenye leso ukapanda nacho tuktuk kuja kituoni. Usikifungue kuona kama kina risasi. Kiache kilipo, mwite chifu au polisi wakifuate.