Si kila neno lina kirefu

Juzi imekuja tena. Kundi la WhatsApp la ukoo, saa kumi na moja alfajiri, mjomba katuma: "JE, WAJUA? OK maana yake ni Zero Killed. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kikosi kikirudi bila kupoteza mtu kiliandika 0K ubaoni." Chini yake vidole gumba kama kumi hivi, na shangazi mmoja kaandika "Elimu haina mwisho."

Kazi yangu ni kuandika yale maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya filamu za Kimarekani. Misimu yao, yaani maneno yao ya mitaani, ndiyo ugali wangu. Ujumbe huu nimeshaupokea kutoka kwa bodaboda, kwa mwalimu wa sekondari, na kwa mteja aliyetaka nibadilishe tafsiri kwa sababu yake. Basi leo naandika mara moja, nikitumiwa tena natuma kiungo.

Vita hivyo vilianza 1861. OK ilichapishwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839. Miaka 22 kabla. Habari ya ubao imeishia hapo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba OK kirefu inacho, ila si kile chenye damu na mashujaa. Ni "oll korrect", yaani "all correct" iliyokosewa kwa makusudi. Wakati ule waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kuandika maneno vibaya, kisha kuufupisha ule uvibaya wenyewe. "Know yuse" ikawa K.Y., kwa maana ya "no use", haina faida. "Oll wright" ikawa O.W. Ukitaka kuwaelewa, kumbuka tulivyokuwa tukiandikiana "xaxa mambo, cjui km utakuja, mpnz". Hakuna aliyekuwa hajui kuandika "sasa". Tulikuwa tunajidai tu. Sasa fikiria miaka 180 mbele, dunia nzima inasema "xaxa", na profesa fulani anaeleza kuwa ni neno la kijeshi.

K.Y. na O.W. zikafa, OK ikaponea kwenye siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, jimbo la New York, wakambatiza Old Kinderhook, na wafuasi wake wakaanzisha vilabu vya O.K. Uchaguzi alishindwa, lakini nchi nzima ilikuwa imeshaisikia. Yote haya aliyafukua mtaalamu wa lugha Allen Walker Read kwenye magazeti makuukuu na kuyachapisha 1963 na 1964, kwa hiyo si siri ya mtu.

Nafikiri najua ugonjwa wetu unatoka wapi. Tumekulia kwenye TANU, TAMISEMI, UKIMWI, kwa hiyo neno fupi likipita tunauliza kirefu chake. Ila maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo yalianza kushamiri karne ya 20. Ukiambiwa msimu wa zamani kuliko hapo una kirefu, shika mfuko wako. "Cop", askari, si "constable on patrol". Kuna kitenzi cha zamani cha Kiingereza, "cop", kunyaka. Anayenyaka ni "copper", likakatwa mkia. "Bae", mpenzi, nalo si "before anyone else", ni "babe" lililomezwa mwisho.

Virefu vya namna hii hutungwa baadaye, kwa utani, na sisi ni mabingwa wa kazi hiyo. Nani hakumbuki AIDS ilivyogeuzwa mitaani kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi"? Kila mtu alijua ni mzaha. Lakini mpe mgeni asiyejua Kiswahili vizuri, mwache miaka hamsini, atakwambia ndiyo asili.

Halafu kuna GOAT, ambayo kirefu chake ni cha kweli: "greatest of all time", bora kuliko wote wa nyakati zote. Muhammad Ali alijiita The Greatest tangu ujana, na miaka ya 1990 kampuni yake ikaitwa G.O.A.T. Na hapa, palipo na kirefu, ndipo watu hawakiulizi! Nimewahi kukabidhiwa kazi ya mtu nihariri, mchezaji anakumbatiwa na kocha wake huku analia, na chini yake imeandikwa: "Wewe ni mbuzi."

"Dude" nako kuna mtego. Kwa filamu ya leo naandika "mshikaji" bila kufikiri. Lakini neno hilo lilipovuma New York mwaka 1883 lilikuwa la kumcheka kijana anayejipamba kupita kiasi, na huenda ni kipande cha "doodle" ya Yankee Doodle, ule wimbo wa zamani wa Kimarekani. Kule magharibi wachunga ng'ombe wakamwita hivyo mtu wa mjini aliyekuja na viatu vinavyong'aa. Kwa hiyo mzee mwenye bastola akilitamka katika filamu ya enzi hizo, hasemi "mshikaji". Anasema "sharobaro". Ukikosea hapo, tusi linageuka salamu na ugomvi unaofuata hauna sababu.

Sasa upande ambao sina raha nao. Kwa miaka nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu, kifua mbele, kwamba "hip" ni neno la Kiwolofu, lugha ya Senegali, "hipi", kufumbua macho, lililovuka na watumwa. Ni tamu, ni yetu, na makofi nilipigiwa. Kisha nikahesabu. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa mwaka 1808, na "hip" kwa maana ya kuwa mjanja wa mambo inaonekana kwenye maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1900. Karne nzima katikati, hakuna nyayo. Nikaacha kuifundisha.

Lakini kipimo changu chenyewe kinapinda. Tunahukumu kwa maandishi ya kwanza, na mitambo ya uchapaji haikuwa ya watumwa. Mtu aliyezuiwa kwa sheria kujifunza kusoma angeacha nyayo kwenye gazeti gani? Tena maneno mengine yamevuka waziwazi. "Goober", jina la karanga huko kusini mwa Marekani, ni "nguba" ya Kikongo, wala hakuna anayebisha. Nikimnyima "hip" Mwolofu kwa kukosa karatasi, na Boston nikawapa OK kwa sababu wanayo, natumia mizani ile ile, na bado sijaridhika.

Sasa hivi mezani nina mpiga saksofoni anayemuuliza mwenzake, "You dig?" Hilo nalo husemwa ni Kiwolofu, "dégg", kuelewa, na ushahidi wake unayumba vile vile. Ana sekunde moja na nusu kwenye skrini. Nimeandika "Umeinyaka?" na kesho asubuhi nitaifuta.