Siga yako haikuwa chungu, umeiunguza

Jumamosi mteja alinirudishia robusto, siga fupi nene, ikiwa nusu, akaiweka kaunta. "Kaka, hii chungu. Mmeniuzia iliyoharibika." Nikaigusa kwenye pete ya chapa: ya moto. Nikakung'uta jivu, kaa likatokea limechongoka kama penseli. Alikuwa ameivuta kwa robo saa tu. Robusto inataka dakika 45 hadi saa nzima.

Nimechoka kusikia kwamba ukitaka ladha zaidi uvute kwa nguvu, eti moshi mwingi ndio utamu mwingi. Ni kinyume kabisa! Siga ni majani ya tumbaku yaliyochachushwa kwa miezi, mengine miaka, na harufu yote imo kwenye mafuta yake. Mafuta hayo yanataka joto la taratibu. Ukivuta mfululizo kaa linapanda moto, mafuta yanaungua, na lami inajikusanya upande wa mdomo wako. Anayekaanga vitunguu vya pilau anajua: moto wa wastani vinaiva kahawia na utamu, moto mkali vinakuwa mkaa, na hakuna bizari itakayoficha. Basi vuta mara moja kwa dakika, kidogo, halafu iache itulie. Ikizimika usione aibu. Kung'uta jivu, puliza ndani yake polepole utoe moshi uliolala, washa tena. Ila iliyolala usiku kucha, tupa.

Kukata: kofia tu, yaani kijani kinachofunika ncha ya mdomoni, usivuke mstari wake, jani la nje litafumuka. Kuwasha: gesi, si petroli, na ulimi wa moto usiguse jani. Humido, lile sanduku la kuhifadhia siga: unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Iliyolowa sana inakulazimisha uvute kwa nguvu, na tumerudi palepale.

Na tafadhali, jani jeusi la nje si dalili ya ukali. Weusi wa maduro, ndivyo jani hilo linavyoitwa, unatokana zaidi na kuchachushwa muda mrefu, na mara nyingi huleta utamu. Ukali unatoka ndani, kwenye ligero, majani ya juu ya mche yaliyopigwa na jua zaidi. Yanaungua polepole, ndiyo maana msokotaji huyaweka katikati.

Sasa pua, maana hapa ndipo wengi wanapoteza pesa zao. Ulimi unajua chumvi, tamu, chachu, chungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama, basi. Kakao, mwerezi, pilipili manga, yote hayo ni kazi ya pua. Ukiwa na mafua hata biriani ni wali tu. Kwa hiyo: jaza mdomo kidogo, achia moshi mwingi utoke, funga mdomo, kisha uliobaki usukume taratibu utokee puani, bila kuupitisha kifuani. Mara ya kwanza itawasha. Fanya mara moja kila baada ya mikupuo mitatu au minne.

Kifuani usiingize kabisa. Moshi wa siga una asili ya magadi kuliko wa sigara, hivyo nikotini inapita kwenye ngozi laini ya mdomo. Ndiyo maana kizunguzungu hukupata hata usipoumeza, na ndiyo maana simwambii mtu yeyote kwamba siga ni salama.

Jambo moja linanisumbua. Tunafundishwa kuacha jivu refu ili lipoze kaa. Nimeliacha hadi sentimita mbili, nimelikung'uta mapema, kwenye siga za boksi moja, na ulimi wangu haujaona tofauti ninayoweza kuiapia. Bado naliacha, kwa mazoea.

Yule mteja nilimkatia robusto nyingine ileile, nikakaa naye. Kila alipoinyanyua kabla ya wakati nilimshika mkono. Dakika ya 20 alitoa moshi puani, machozi yakamlenga, akanyamaza.

"Karanga," akasema. "Karanga za kukaanga."

Akaishusha mwenyewe.