Uratibu wa huduma kwa watoto wenye ulemavu katika elimu ya awali: maana yake hasa ni nini?

Mtoto wa miaka minne ameketi kwenye kiti, miguu inaning'inia. Ukimpa kalamu ya rangi anailalia meza, na baada ya dakika mbili tatu ameshateleza, yuko chini. Mwalimu ameandika kwenye daftari lake: "Hatulii." Mama anasema hata nyumbani huchoka upesi. Mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye humwona mtoto huyo mara moja kwa wiki, tena mahali pengine kabisa, anajua kuwa misuli ya kiwiliwili chake ni dhaifu, na kwamba akiwekewa kisanduku cha kukanyagia ataketi vizuri na mikono yake itakuwa huru kufanya kazi. Watu watatu, kila mmoja ameshika kipande chake cha habari, na kisanduku hakijafika darasani. Kazi ya kukifikisha ndiyo uratibu wa huduma.

Kwa maelezo marefu kidogo: ni kazi ya kuhakikisha kwamba mtoto mdogo mwenye ulemavu, au anayeshukiwa kuchelewa kukua, anatambuliwa mapema, anapimwa na watu wanaostahili, anapata huduma anazozihitaji, na kwamba huduma hizo zinaingia katika siku yake ya kawaida shuleni badala ya kubaki kwenye faili. Anayeifanya huitwa mratibu. Hamtibu mtoto. Mara nyingi hata hamfundishi. Hapo ndipo watu wengi huchanganya, wakidhani mratibu ni mwalimu wa elimu maalumu mwenye cheo kikubwa zaidi. Mwalimu wa elimu maalumu anashughulika na mtoto. Mratibu anashughulika na mambo yote yanayopaswa kumfikia mtoto na mara nyingi hayamfikii.

Nchi ambayo imeiandika kazi hii kwa undani katika sheria zake ni Marekani. Mpango wa Head Start, unaohudumia watoto wadogo wa familia za kipato cha chini, ulianza mwaka 1965. Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo liliagiza angalau asilimia 10 ya nafasi zake ziwe kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Mwaka 1975 ikaja sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, na mwaka 1986 ikapanuliwa kuwagusa hata watoto wachanga. Kwa hiyo mtoto mmoja akajikuta chini ya mifumo miwili au mitatu kwa wakati mmoja: shule ya awali, wilaya ya elimu na idara ya afya, kila mmoja na fomu zake. Ukishakuwa na milango mitatu, lazima awepo mtu anayejua upi unafunguliwa lini.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi wa awali, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi huzaliwa. Uchunguzi wa awali ni chekeche tu. Unapitishwa kwa watoto wote, haraka, kwa maswali na michezo michache: anaruka kwa mguu mmoja? anaunganisha maneno mangapi? anageuka akiitwa? Anayebaki juu ya chekeche hajaambiwa kuwa ana ulemavu. Ameambiwa atazamwe vizuri zaidi. Katika Head Start uchunguzi huu unatakiwa ukamilike ndani ya siku 45 tangu mtoto aanze kuhudhuria. Baada yake ndipo huja tathmini ya kina, inayofanywa na wataalamu na kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa. Kumwambia mzazi "mwanao ana usonji" kwa kutazama karatasi ya uchunguzi wa awali ni kosa ambalo mratibu mzuri halivumilii, hata akiwa anamwonea huruma mwalimu aliyechoka.

Mfano ninaoupenda ni wa mtoto anayeitwa mkaidi. Ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki. Ukimsimamia mbele anatii vizuri tu. Akiwa na mafua huwa mbaya zaidi. Kabla ya kuzungumzia tabia, mratibu anauliza swali moja: masikio yamepimwa? Watoto wa umri huu hupata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio, na usikivu wao hupanda na kushuka wiki hadi wiki, kiasi kwamba hata mzazi hagundui. Mtoto kama huyo anahitaji daktari wa masikio kwanza, na darasani anahitaji kukaa karibu na mwalimu. Mkutano wa kujadili nidhamu yake haumsaidii.

Mfano wa pili unakwenda upande wa pili. Mtoto anazungumza lugha moja nyumbani, shuleni wanatumia nyingine. Akihesabiwa maneno ya lugha ya shule peke yake anaonekana amechelewa. Mratibu anadai apimwe kwa lugha zote mbili, akitumia mkalimani ikibidi, maana tatizo halisi la lugha hujitokeza katika lugha zote anazozijua mtoto. Likionekana katika ile mpya tu, huenda ni mgeni wa lugha, basi.

Idhini ya mzazi nimeitaja kwa kupita, lakini ndiyo bawaba ya mlango. Bila saini hakuna tathmini, na bila ruhusa taarifa za afya za mtoto hazitoki ofisi moja kwenda nyingine. Tena saini ina maana tu kama mzazi ameelewa anachosaini. Mratibu anayesukuma karatasi mezani na kuonyesha mstari kwa kidole amepata wino, hajapata idhini. Mzazi ana haki ya kukataa, kuuliza, kuja na mtu wake, kuomba maelezo kwa lugha anayoielewa. Wapo wanaokataa mara ya kwanza kwa hofu ya mtoto kubandikwa jina, kisha miezi miwili baadaye wakarudi wenyewe. Mlango uachwe wazi.

Tathmini ikionyesha kuwa mtoto anastahili huduma, unaandikwa mpango. Kwa Marekani, kabla ya miaka mitatu ni mpango wa familia nzima. Kuanzia mitatu ni mpango wa elimu wa mtoto binafsi. Lililo muhimu ndani yake ni malengo, na malengo ndiyo mahali pa kupima kama mtu alikuwa akifikiri. "Ataboresha mawasiliano" si lengo, ni matumaini. "Wakati wa kula, ataomba maji kwa neno, ishara au picha, bila kukumbushwa, mara nne kati ya tano" ni lengo: mwalimu anaweza kuliona, mama anaweza kulijaribu nyumbani, na baada ya miezi mitatu kila mtu anajua kama limefikiwa.

Sasa piga hesabu ndogo. Mtoto anakaa darasani saa 30 kwa wiki. Mtaalamu wa usemi anamwona kwa nusu saa. Hiyo ni sehemu moja ya sitini. Kama nusu saa hiyo inafanyika katika chumba cha pembeni na mwalimu hajui kilichofundishwa, sehemu 59 zinapita bure. Ndiyo maana kazi kubwa ya mratibu ni kuwakutanisha mtaalamu na mwalimu, dakika kumi tu, wakiwa wameshika vitu vyenyewe mkononi: zile kadi za picha, namna ya kuzinyanyua, muda wa kusubiri kabla ya kumsaidia mtoto. Nimeona kadi nzuri kabisa, zimepigwa lamineti, zimelala kwenye droo muhula mzima kwa kuwa hakuna aliyemwambia mwalimu kwamba zinatakiwa kuning'inia mahali mkono wa mtoto unapofika. Kwenye ripoti kifaa kilikuwa "kimetolewa".

Nini hutokea mratibu asipokuwepo? Kazi haipotei, inahamia kwa mama. Yeye ndiye anayebeba barua ya daktari kwenda shuleni, anayekumbuka tarehe, anayesimulia historia ya mimba na uzazi kwa mtu wa tano. Mama mwenye elimu, simu yenye salio na mwajiri mwelewa ataimudu, japo kwa jasho. Mwingine hataimudu, na mwanawe ataonekana katika takwimu kama mtoto ambaye familia yake "haikufuatilia". Binafsi neno hilo huniudhi.

Wapo pia watoto wanaobaki katikati: wamepimwa, ikaonekana hawafikii kigezo cha kupewa huduma kisheria, lakini darasani bado wanahangaika. Kwa hao mratibu hafungi faili. Mabadiliko mengi yanayosaidia hayahitaji cheti cha ulemavu: kona tulivu ya kupumzika, ratiba ya siku kwa picha, maelekezo ya hatua moja moja.

Mahali uratibu unapokatika zaidi ni mtoto anapohama mfumo. Nchini Marekani huduma za watoto wachanga huisha siku mtoto anapotimiza miaka mitatu, na za shule huanzia hapo. Kwa hiyo sheria inataka mkutano wa mpito ufanyike angalau siku 90 kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa. Aliyezaliwa katikati ya likizo ndefu yuko hatarini zaidi, kwa sababu ofisi moja imeshamuaga na nyingine bado imefungwa. Mratibu anayeijua kazi yake ana orodha ya tarehe za kuzaliwa ukutani, na hao wa likizo amewawekea alama mapema.

Hali ni ileile mtoto akipanda darasa la kwanza. Faili nene huhamishwa, na mwalimu mpya mwenye watoto wengi halisomi wiki ya kwanza, pengine hata mwezi wa kwanza. Waratibu wenye uzoefu huandika ukurasa mmoja wakiwa pamoja na mzazi: anachopenda, kinachomtisha, anavyoomba msaada, anavyotulizwa, anavyokaa. Kwa yule mtoto wa mwanzo, mstari wa kwanza wa ukurasa huo ungekuwa kisanduku: urefu wake, na kwamba kinawekwa chini ya miguu yote miwili.