Kitu cha bure nacho kina ukweli wake

"Mwenye shida hachagui."

Maneno haya nimeyasikia kwenye nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam, na karibu kila mara yanatoka kwa mtu anayehama. Kirikuu imeshajaa, dereva anapiga honi, na godoro la sponji lililolaliwa miaka minane limebaki limeegeshwa ukutani. Anaitwa dada anayefua nguo nyumba ya tatu: "Chukua, watoto watalalia." Dada anapokea na kushukuru, kwa sababu kukataa mbele za watu ni kazi ngumu.

Ukweli ni kwamba mwenye shida ndiye anayelazimika kuchagua kuliko sisi wengine. Mimi nikipokea godoro bovu nitalitupa, mwisho wa mwezi ninunue jingine. Yeye analala na wanawe wanne chumba kimoja. Godoro hilo likiwa na kunguni, baada ya wiki chache wako kwenye chaga za kitanda, kwenye pazia, kwenye begi la shule. Kunguni hawajulikani kueneza ugonjwa, ila wanakula usingizi wa watoto, na kuwaondoa ni dawa, ni kuchemsha nguo, ni siku za kibarua zilizopotea. Zawadi inageuka deni.

Wapo wanaosema ukilianika juani kutwa nzima limepona. Halijapona. Kunguni hufa joto likifika nyuzi 50 hivi, na uso wa godoro unaweza kufika huko jua la saa saba, lakini upande wa chini na ndani ya mikunjo ya kitambaa hapafiki, nao hukimbilia hukohuko. Kulifungia stoo mwezi mmoja pia hakusaidii. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu.

Kwa hiyo likague kabla hujamwita mtu. Washa tochi ya simu, ufuate mshono wa pembeni kwa kidole huku ukiuvuta ufunguke kidogokidogo. Mdudu mwenyewe huenda usimwone mchana. Tafuta vidoa vyeusi mfano wa ncha ya kalamu, ambavyo ni kinyesi chake cha damu iliyosagika. Tafuta maganda mepesi ya rangi ya jani kavu. Tafuta mayai meupe ya kama milimita moja yaliyonata mikunjoni. Pembe nne usiziruke. Kama unatoa na kitanda, angalia matundu ya skrubu na maungio ya mbao. Ukiona dalili mojawapo, usimpe mtu, na kabla ya kulitupa likate vipande, maana godoro zima likiachwa jalalani lazima ataliokota mtu.

Waislamu tunaosoma Suratul Baqara tunaikuta aya ya 267 ikikataza jambo hili hasa: kukusudia kutoa kilicho kibaya, kitu ambacho wewe mwenyewe ungepewa usingekipokea ila kwa kufumba macho. Sijaona kipimo kizuri kuliko hicho, na hakimhitaji mtu awe Mwislamu ili akitumie.

"Cha bure hakina gharama."

Hapa anayepaswa kufungua macho ni mpokeaji. Nauli ya kirikuu kutoka Tabata hadi Chanika mtoaji hailipi. Wala vijana wa kubeba kutoka ghorofa ya tatu. Lakini gharama kubwa huwa inasubiri nyumbani, na kitu kinachoongoza kwa hilo ni friji.

Niliwahi kupokea friji nyeupe, ndefu, safi kabisa kwa nje. Iliwaka, ikanguruma, taa ya ndani ikawaka. Nikaona nimebarikiwa. Kilichokuwa kimekwisha ni mpira wa mlango. Baridi ilikuwa ikitoka usiku kucha, mota haipumziki, na umeme wa LUKU niliokuwa nikiutumia wiki tatu ukawa unakata wiki ya pili. Mpira wa mlango unapimwa kwa karatasi. Fungia karatasi mlangoni, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikikamatwa, mpira una uhai. Ikiteleza bila kipingamizi, baridi nayo inateleza hivyohivyo. Rudia juu, chini na pembeni, kwa sababu mpira huanza kufa upande mmoja. Hii ni kazi ya dakika mbili, na mtoaji muungwana hachukii ukiifanya mbele yake.

Jambo hili linamuuma zaidi mteja wa umeme mwenye matumizi madogo, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi na anayeuziwa kwa bei nafuu. Friji ikila uniti mbili kwa siku, hizo ni 60 kwa mwezi kabla hajawasha taa wala feni. Akivuka kiwango, anahama na bei.

Angalia pia kibandiko cha nyuma kinachotaja gesi. Kikiandika R12, hiyo ni friji ya enzi nyingine. Gesi hiyo iliwekewa ukomo na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana nayo ifikapo 2010. Ikivuja, huna pa kujazia. Kikiandika R600a, ni gesi ya kisasa, lakini inashika moto, kwa hiyo fundi wa kuchomelea mabomba asiguse bila kuambiwa. Na kama friji ililazwa garini, isimamishe na uiache masaa mengi, ikiwezekana hadi kesho yake, ndipo uiwashe, ili oili ya kompresa irudi mahali pake.

Vitu vingine nitavipita haraka. Chandarua chenye dawa kimetengenezwa kifanye kazi miaka mitatu hivi. Ukitoa chenye miaka mitano, sema kwamba ni kitambaa tu sasa, dawa haipo. Mpira wa gesi uliokauka na kupasuka usitolewe pamoja na jiko, utupe. Dawa za hospitali zilizobaki haziingii kabisa kwenye habari ya kugawana.

"Kugawa vitu ni kuwasaidia maskini."

Ni sehemu ndogo tu ya habari. Tazama waliolipa jambo hili jina kubwa huko Marekani. Mei 2003, katika jiji la Tucson, Arizona, Deron Beal alituma barua pepe kwa marafiki na mashirika machache akiwaomba watangaziane vitu wasivyovihitaji. Mtandao huo ukaitwa Freecycle. Shabaha yake ilikuwa kupunguza mzigo wa dampo, na sharti kuu likawa moja: kitu kiwe bure kabisa. Hakuna anayeulizwa kipato chake. Miaka 10 baadaye, 2013, kwenye kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Rebecca Rockefeller na Liesl Clark wakaanzisha Buy Nothing, baada ya kuchoshwa na plastiki waliyokuwa wakiiona ufukweni. Wao wakasisitiza jirani kumpa jirani.

Jirani kumpa jirani! Hilo sisi wa pwani tulilelewa nalo. Bakuli la futari likienda nyumba ya pili halirudi tupu. Litarudi na kaimati, au embe mbili, au hata chumvi. Hakuna aliyehesabu nani tajiri. Kitanda kidogo cha mtoto alicholalia binti wa dada yangu kimepita nyumba nne ninazozijua, na wa tatu kukipokea alikuwa mwalimu mwenye gari lake. Alikihitaji kwa miezi 14. Kwa nini akinunue?

Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu dhana ya umaskini inazuia pande zote mbili. Mwenye uwezo anaona aibu kuomba meza, anaenda kununua mpya ya mbao za kubandika itakayovimba masika ya kwanza. Na mwenye meza ya mninga anaiacha iliwe na mchwa uani akisubiri atokee "mhitaji wa kweli". Mwishowe inaishia Pugu Kinyamwezi, kwenye dampo la jiji, ambako haimfai yeyote kati yao.

"Nguo uliyovaa ukimpa mtu, umempa nyota yako."

Sitamcheka mtu mwenye hofu hii, nimekua nayo. Lakini ona jinsi tunavyoishi. Mitumba tunavaa. Zamani tuliiita kafa ulaya, tukiamini ni nguo za Wazungu waliokufa, na tukazivaa. Ukweli wake ni mwepesi zaidi: nyingi ni nguo za watu walio hai waliochoka nazo, wakazitoa, zikakusanywa na kuuzwa kwa wafanyabiashara, zikafungwa marobota. Mtumba maana yake ni furushi. Mtu anayepokea shati la mgeni asiyemjua kutoka ng'ambo ya bahari hana sababu ya kuliogopa la jirani aliyekula naye. Fua kwa maji ya moto, anika, piga pasi.

Vitu vya marehemu ni jambo jingine, na kosa linalofanyika hapo halina uhusiano na mizimu. Mara nyingi arobaini haijafika, shangazi mmoja ameshafungua kabati la mama na kanga zinagawiwa. Kwa nia njema kabisa. Kisheria, na kwa mirathi ya Kiislamu vilevile, vitu hivyo sasa vina wenyewe: madeni hutangulia, kisha wasia kama upo, ambao kwa Waislamu hauzidi theluthi, kisha warithi. Hata kanga. Warithi wakikaa na kuridhia, gaweni, na itakuwa kumbukumbu nzuri. Wasipoulizwa, yule mjane au yatima ndiye aliyetoa sadaka bila kujua.

"Niliyempa akikiuza, amenidharau."

Hili linavunja ujirani kuliko godoro lenye kunguni. Umempa mtu cherehani, baada ya miezi mitatu unasikia imeuzwa. Moyo unauma, naelewa. Lakini pengine mtoto aliugua. Ukishatoa, umetoa, mwenye cherehani ni yeye. Kama unataka ibaki inatumika, au irudi kwako isipohitajika, hiyo ni sawa pia, ila sema siku ileile unapoitoa, na iite kuazima. Kisichofaa ni kumfuatilia mtu, kumtajia kitu hicho mbele ya wageni, kumkumbusha kila mkipishana kisimani. Masimango yanakula thamani yote ya ulichotoa, na aliyesimangwa mara moja hapokei tena hata akiwa na njaa.

Kuna upande wa pili wa umiliki ambao watu huupuuza: ushahidi. Kijana anayevuka mtaa saa tatu usiku na televisheni kichwani atasimamishwa na ulinzi shirikishi, na haki yao. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini hivyo, ni kosa la jinai Tanzania. Mwandikie karatasi: nimempa fulani televisheni ya namna hii, tarehe, jina, sahihi, namba ya simu. Kama risiti ya dukani ipo, iende nayo. Simu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ondoa laini yako, ondoa akaunti yako, kisha uifute yote. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, mpokeaji ataikuta imejifunga na atakutafuta wewe. Naye mpokeaji abonyeze *#06# aone namba ya utambulisho wa simu na kuhakikisha ni halali. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kwa kutumia namba hizo.

"Apewe aliyewahi kuomba."

Si lazima. Hata Freecycle humwachia mtoaji achague. Aliyewahi mara nyingi ni yule anayeshinda na simu mkononi. Mimi huacha tangazo hadi jioni, nasoma nani anasema atakitumiaje na atakuja lini, halafu namjibu mmoja. Wengine nawaambia kimeshachukuliwa, maana kumwacha mtu akingoja jibu ni kumvunjia heshima.

Na tangazo lenyewe lieleze kasoro kabla ya uzuri. Nilipotoa meza yangu niliandika hivi: "Meza ya mninga, watu sita. Mguu mmoja wa nyuma una ufa wa urefu wa kiganja. Ina alama ya sufuria ya moto. Ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, njoo na mtu wa kusaidia kubeba. Mwisho Jumamosi." Wawili waliokuwa wameandika mapema wakajitoa waliposoma habari ya ufa. Jumamosi asubuhi akaja mzee mmoja kutoka Kimanga na mjukuu wake. Mfukoni alikuwa na chupa ya gundi ya mbao, mkononi kamba ya katani. Aliipindua meza palepale kibarazani, akaupanua ufa kwa ncha ya kisu, akamimina gundi, akaukaza mguu kwa kamba mizunguko saba, akaniomba iachwe hapo hadi Jumapili ikauke.