Je, wajua kwa nini huduma ya logi hufa kila mara kwenye seva?

Kwenye seva nyingi za Linux siku hizi, anayeandika logi, yaani kumbukumbu za matukio, ni systemd-journald. Ikianza kufa na kufufuka, fundi hubaki na pengo kwenye logi pale pale alipotaka kujua kilichotokea. Karani akizirai, nani ataandika kwamba amezirai?

Kerneli, kiini cha Linux. Anza na amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wake. Mchakato namba 1, yaani systemd yenyewe, inayoanzisha na kusimamia huduma za seva, ikishindwa kuifikia journald hupeleka taarifa zake kwenye kerneli, nayo huzishika kwenye RAM. Huko mara nyingi utakuta "Watchdog timeout (limit 3min)!" na nyuma yake SIGABRT, ishara namba 6 ya kuikatisha programu.

Hapo journald haikuanguka, imeuawa. Inatakiwa kutoa taarifa kila mara kwamba ingali hai. Ikinyamaza dakika 3, systemd huiua na kuianzisha upya. Na kinachoinyamazisha, mara nyingi, ni diski: imeomba maandishi yake yafikishwe diskini, na jibu halirudi. Tazama hasa seva pepe zinazotumia hifadhi moja, usiku bekapu zote zinapoanza kwa mpigo. Dalili nyingine hazijifichi: dmesg inasema kuna kazi "blocked for more than 120 seconds", ps inaonyesha michakato iliyoganda kwenye hali ya D (inasubiri diski), na iostat -x ina namba za await, yaani muda wa kusubiri diski, za kutisha.

Mafaili ya logi yenye alama ya ~ mwishoni huwadanganya wengi. Journald huyapa jina hilo ikikuta hayakufungwa vizuri, kwa hiyo mara nyingi ni matokeo ya kuuawa, si chanzo. Ishara ikiwa namba 11, SIGSEGV, yaani programu imegusa sehemu ya RAM isiyoruhusiwa, hiyo ni kesi nyingine: endesha journalctl --verify, kisha sasisha systemd.

Kuna wanaoongeza WatchdogSec, kile kikomo cha dakika 3, na kwenda kulala. Sioni kama hiyo ni tiba, maana diski inabaki vile vile na programu nyingine zinaendelea kuisubiri. Afadhali jaribu Storage=volatile kwenye journald.conf kwa muda, logi ziandikwe RAM. Zitapotea seva ikizimwa, kwa hiyo zipeleke kwanza seva nyingine. Vifo vikikoma, mpigie anayesimamia hifadhi.